Maskegi haishindwi kwa nguvu: jibu kwa mwindaji aliyezamisha kwadi mbili Alberta

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Ifakara, sasa naishi Grande Prairie, Alberta, Kanada. Septemba iliyopita nilikwenda na wenzangu wa kazini kuwinda musi (moose), yule paa mkubwa wa misitu ya baridi, kaskazini ya Slave Lake. Tuliiacha pikapu kwenye kokoto, tukaingia na kwadi mbili, zile pikipiki za magurudumu manne, kwa njia ndefu iliyonyooka iliyokatwa msituni, wala hatukupata shida. Jioni tulipata dume, tukapakia nyama. Wakati wa kurudi kwadi ya kwanza ikazama hadi kwenye madigadi. Ya pili ilikwenda kuivuta, nayo ikazama. Tulifunga mkanda kwenye tufe la kufungia trela, likang'oka likapita karibu na kichwa cha mwenzetu. Tulitoka kesho yake mchana. Matope nimeyajua Kilombero tangu ujana na sijawahi kushindwa namna hii. Kwa nini mahali palipotupitisha asubuhi pakatumeza jioni? Tungefanya nini? Na je, ninunue mashine kubwa zaidi?

Jibu: Marahaba ndugu yangu, na poleni sana. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuendesha na kunasua magari ya watafutaji mafuta kaskazini ya Alberta, na kila vuli nakutana na wawindaji wenye kisa kinachofanana na chako. Nitakujibu kwa urefu, maana lile tufe limenitia hofu kuliko kwadi zote mbili.

Jibu la swali lako la kwanza ni hili: asubuhi mlikuwa mnaendesha juu ya mizizi. Jioni mizizi ilikuwa imeshakatika, na mzigo umeongezeka.

Maskegi ni mboji iliyoshiba maji. Barafu kuu zilipoondoka kaskazini ya Kanada, miaka 10,000 hivi iliyopita, ziliacha mabonde mengi yasiyo na pa kutolea maji. Humo ikaota sfagnamu, mmea mdogo laini usio na mizizi, unaofyonza maji na kuyashikilia. Unakufa upande wa chini huku ukiendelea kukua juu, na kwa kuwa maji yake ni ya baridi, yana asidi na hayana hewa, kilichokufa hakiozi kikaisha. Kinajilimbikiza milimita moja hivi kwa mwaka, mara nyingi chini ya hapo. Baada ya maelfu ya miaka unapata mita kadhaa za kitu ambacho tisa ya kumi yake, au zaidi, ni maji. Kanada ina zaidi ya kilomita za mraba milioni moja za ardhi ya mboji, na maeneo oevu, ambayo mengi yake ni hayo, yanafika kama sehemu moja ya tano ya Alberta.

Kinachokubeba ni tabaka la juu tu, yaani sfagnamu iliyo hai ikiwa imesukwa pamoja na mizizi ya vichaka na miti midogo. Ni mkeka uliotandikwa juu ya uji. Ukiwa mzima unautawanya uzito wako, unapita. Ukichanika chini ya tairi moja, hakuna kingine cha kukushika.

Hapo ndipo uzoefu wa Kilombero ulipowaponza. Udongo mweusi wa mbugani unateleza na kunata, lakini chini yake kuna ardhi ngumu. Dereva anashika gia ndogo, anakanyaga mafuta, tairi inachimba na mwishowe inagusa kitu. Ikishindikana, tandiboi anashuka na sepetu, anachimba mpaka aione ile ngumu, anaweka mawe na matawi, gari linatoka. Maskegi haina chini ambayo tairi inaweza kuifikia. Kila mzunguko wa tairi unaochimba unakata nyuzi zilezile ambazo zingekubeba, na kukanyaga mafuta, ambako kule ndiyo dawa, huku kunamalizia kazi ya kukuzamisha.

Sasa piga hesabu ya siku yenu. Tairi laini hubonyeza ardhi kwa presha inayokaribia upepo uliomo ndani yake. Kwadi hujazwa upepo wa PSI 5 hadi 7, na hiyo haipishani sana na mtu anayetembea kwa miguu. Ndiyo maana mkiwa watupu mlipita. Dume la musi lililokomaa huanzia kama kilo 450, na robo moja ya nyuma yenye mfupa inaweza kuvuka kilo 60. Weka mbili kwenye keria ya nyuma: ekseli ya nyuma inaelemewa, usukani unakuwa mwepesi, na tairi za nyuma zinaanza kukata wakati za mbele bado zinaelea. Tena mkeka ule ulikuwa umeshapitiwa na kwadi mbili asubuhi. Kwenye barabara ya udongo mkavu ni busara kufuata alama za aliyetangulia, maana amekushindilia. Kwenye maskegi amekudhoofishia. Ikilazimika kuvuka, kwadi ya pili ipite pembeni ya alama za ya kwanza, upana wa mashine moja au zaidi.

Sababu nyingine ni ile njia iliyonyooka yenyewe. Njia za namna hiyo zilikatwa na watafutaji wa mafuta na gesi ili wapime mitikisiko ya ardhi na kujua miamba iliyo chini. Nyingi zilisafishwa kwa tingatinga wakati wa baridi, ardhi ikiwa imeganda na kuwa ngumu. Miti iliondoka, na pamoja nayo mizizi iliyoushona mkeka. Mboji ikashindiliwa, njia ikawa chini kidogo kuliko msitu wa kando, na maji yakahamia humo. Kwa hiyo uwazi ule uliowakaribisha mara nyingi ndio mahali penye maji mengi kuliko msitu unaopakana nao. Kwenye sehemu za chini, miongo kadhaa imepita na miti haijarudi. Ukiona njia ya namna hiyo haijaota miti tena ingawa ni ya zamani, elewa kwamba ni bwawa lililofunikwa.

Mtu anaweza kujua mapema kwa kuangalia kinachoota. Norman Radforth, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha McMaster aliyeitafiti maskegi kwa miaka mingi, aliipanga kwa mimea iliyo juu yake, akaipa kila aina herufi kuanzia A hadi I kwa kutazama urefu wa mmea, kama una shina la mti au hauna, na umekaa vipi. Wewe huhitaji herufi zote. Tafuta aspeni, mti wenye gome jeupe na majani yanayotetemeka hata upepo ukiwa mdogo, ambayo vuli hugeuka manjano. Aspeni haipendi miguu ndani ya maji. Inaposimama imara, nawe utasimama. Misonobari ya nchi kavu nayo ni dalili njema. Sprusi nyeusi, miti ya sindano ya jamii ya misonobari, zikiwa fupi, nyembamba, zimeinama huku na kule, na vichwa vyake vimejikunja kama kifundo, upo juu ya mboji. Ukianza kuona tamaraki, ambayo inafanana na sprusi lakini vuli sindano zake hugeuka rangi ya dhahabu na kupukutika, maji yameongezeka. Hatari kuliko zote ni uwanja wa majani mabichi yaliyosimama sawasawa pasipo mti hata mmoja. Kwa macho ya mtu aliyekulia kwenye malisho hapo ni pazuri, ng'ombe wangeshiba. Mara nyingi ni mkeka unaoelea juu ya maji matupu. Ogopa pia mabwawa ya zamani ya biva, wale wanyama wanaojenga kuta za miti mitoni. Ukuta unaweza kubeba mtu, lakini tope lililo nyuma yake halibebi.

Baada ya macho, tumia miguu. Shuka, kata fimbo iliyozidi kimo chako, tembea mbele ya mashine. Chomeka fimbo kila hatua chache. Ukiisukuma kwa mkono mmoja ikashuka bila kugonga kitu, zunguka kwingine. Ruka kidogo ukiwa umesimama: vichaka vilivyo mita mbili tatu kutoka kwako vikitikisika, mkeka huo hauna kitu kigumu chini yake. Buti likizama kupita kifundo cha mguu, usipitishe kwadi yenye mzigo, hata mwenzako akikuapia kwamba mwaka jana alipita.

Mwaka jana hautoi ushahidi, kwa sababu maskegi hubadilika na msimu. Mwanzoni mwa kiangazi bado kuna barafu chini ya sfagnamu, na mtu anaweza kuendesha juu ya barafu hiyo asijue. Sfagnamu ikikauka juu inazuia joto, hivyo barafu hukaa muda mrefu kuliko unavyodhani. Kufikia Septemba, wakati musi wanatafutana na wawindaji wamejaa porini, sehemu nyingi zimeyeyuka hadi chini, na huo ndio wakati laini kuliko yote. Novemba nako kuna mtego wake. Theluji ikianguka mapema kabla ya baridi kali, inaifunika mboji na kuizuia isigande. Juu unaona nchi nyeupe ngumu, chini bado maji. Wajenzi wa barabara za majira ya baridi wanalijua hili, ndiyo maana hushindilia theluji au kuiondoa ili baridi ipenye.

Tuje kwenye kukwama kwenyewe, maana hata mtu makini hukwama.

Kila kitu kinaamuliwa na kidole gumba kilicho kwenye mafuta. Tairi ikizunguka mara moja na kwadi isisogee, achia. Usijaribu tena kidogo, usirudi nyuma na kwenda mbele kwa kasi. Wakati huo umezama sentimita chache na kazi ya kutoka ni ya nusu saa. Baada ya dakika moja ya kukanyaga, tumbo la mashine limekaa juu ya mboji, tairi zinaning'inia kwenye supu, na mmejipatia kazi ya usiku kucha. Angalia pia maji yamefika wapi: yakikaribia boksi la chujio la hewa, zima injini mara moja na usiiwashe tena, kwa sababu maji yakiingia kwenye silinda yanapinda chuma.

Kabla ya kugusa kamba yoyote, toeni risasi kwenye bunduki na mziweke pembeni kwenye ardhi kavu. Sheria ya Alberta inakataza bunduki yenye risasi ndani ya chombo au juu yake, na kwenye vurugu za kuvuta ndipo watu husahau.

Kisha shusheni mzigo wote. Nyama, masanduku, mafuta ya akiba, hadi begi la chai. Watu wengi huona uvivu kushusha kilo 120 za nyama kwa mikono, halafu wanavuta kwa masaa. Wanajeshi wanaofanya kazi ya kunasua magari wana kanuni ya kukadiria: chombo kilichozama hadi kwenye magurudumu kinahitaji mvuto unaolingana na uzito wake, kikizama hadi kwenye madigadi, mara mbili ya uzito, kikizama hadi kwenye kabini, mara tatu. Kwadi ya kilo 350 yenye nyama kilo 120, ikizama kama yenu, inadai karibu kilo 940. Ondoa nyama, deni linashuka hadi 700. Winchi ya kawaida ya kwadi, ile ya pauni 3,000, ina nguvu ya kama kilo 1,360, lakini nguvu hiyo unaipata kamba ikiwa imebaki safu ya kwanza tu kwenye ngoma. Safu zikipandana inapungua. Kwa hiyo tafuta nanga iliyo mbali, toa kamba ndefu, acha mizunguko isiyopungua mitano kwenye ngoma. Ukiwa na kapi, pitisha kamba kwenye nanga na kuirudisha kwenye mashine. Mvuto unakaribia kuwa maradufu, mwendo unakuwa nusu, na polepole ndiyo unayoitaka.

Adui mwingine ni mfyonzo. Mboji iliyoshiba inalishika tumbo la mashine, na ukivuta moja kwa moja winchi inapigana na huo mfyonzo kabla hata haijaanza kupigana na uzito. Kateni mti mkavu mrefu, uingizeni chini ya upande mmoja, nyanyueni watu wawili hadi msikie ule mlio wa hewa kuingia. Sukumeni matawi na magogo chini ya tairi. Nendeni upande wa pili, rudieni. Mkiwa na jeki ndefu, iwekeni juu ya ubao mpana, la sivyo jeki itashuka badala ya mashine kupanda. Magogo yalalie njia kwa upana, kila moja liwe refu mara mbili ya upana wa kwadi, yapangwe kuelekea kule mlikotoka. Kule mnajua pana ardhi, mbele hamjui.

Nanga inahitaji akili. Sprusi nyeusi hutandaza mizizi yake kwenye mkeka wa juu tu, kwa hiyo mti mmoja utang'oka na kukuangukia. Funga mkanda mpana chini kabisa ya shina, karibu na sfagnamu, na uunganishe miti mitatu au minne iliyo kwenye mstari mmoja ili igawane mvuto. Pasipo na miti, chimba mfereji unaokatiza njia, wenye kina cha mkono mzima, laza gogo nene ndani yake, pitisha mkanda katikati ya gogo na uutoe kwa mfereji mdogo unaoelekea kwenye kwadi. Tairi ya akiba inaweza kufanya kazi ya gogo.

Kwadi ya pili hapo ndipo mlipopotea. Mashine ya kuokoa inabaki kwenye ardhi ya aspeni, hata kama ni mita 60 kutoka kwenye tatizo. Unganisheni kamba mpaka zifike. Ikikanyaga pale, mna wagonjwa wawili na hakuna daktari.

Sasa lile tufe. Tufe la trela limetengenezwa kubeba uzito wa trela inayofuata kwa utulivu. Shingo yake ni nyembamba, na ikipata mshtuko wa mkanda uliojivuta inakatika. Hapo nguvu yote iliyokuwa imejikusanya kwenye mkanda inahamia kwenye kipande cha chuma. Watu wamekufa kwa namna hii, wengine wakiwa ndani ya gari, chuma kikipita kioo. Mwenzenu amepona kwa nafasi ya upana wa kiganja, na naomba sana jambo hili lisirudiwe kwenye kundi lenu. Mkanda ufungwe kwenye sehemu ya chasisi iliyotengenezwa kwa kuvutia, kwa pete ya chuma yenye pini ya kufunga. Mikanda miwili isiunganishwe kwa chuma katikati. Pitisha kitanzi cha mmoja ndani ya kitanzi cha mwingine, ili ukikatika pasiwe na kitu kizito cha kuruka. Tandika koti zito au gunia lenye maji juu ya kamba. Hakuna mtu anayeivuka kamba iliyokaza, na kila asiyeshika kidhibiti cha winchi asimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, pembeni, kamwe si kwenye mstari wake. Na kwenye maskegi msivute kwa kurusha, yaani ile ya kurudi nyuma na kuondoka kwa kasi. Mashine ya kuokoa inachana mkeka wake yenyewe, na kitu kinachokatika ndicho kinachoua.

Pikapu mliiacha kwenye kokoto, na hapo ndipo kwake. Ina tani mbili na nusu au tatu, na tairi zake zina PSI 35 na zaidi. Kwa kanuni ile ya madigadi, pikapu ya tani tatu ikizama inadai tani sita, na winchi kubwa za pikapu, za pauni 12,000, hazifiki hapo bila kapi. Ikitokea siku moja ikazama hadi kwenye chasisi, elewa kwamba maji yamezidi unga. Acheni kuchimba, chukueni vitu vyenu, tokeni kwa miguu, mwite watu wenye ekskaveta na mikeka ya mbao ya kutandika. Wapo waliolazimika kungoja nchi igande ndipo gari litoke.

Umeuliza kuhusu mashine kubwa zaidi. Ushauri wangu ni kwamba usitafute ukubwa, tafuta wepesi juu ya ardhi. Mashine nzito yenye tairi za meno marefu inakwama kama nyingine, ila inakwama mbali zaidi ndani na kwa uzito mkubwa zaidi. Meno marefu yanafaa tope lenye chini ngumu. Hapa yanakata mkeka. Tairi pana zenye meno mafupi na upepo mdogo, kwa kiwango ambacho mtengenezaji ameruhusu, zitakusaidia zaidi. Wenye fedha hununua chombo cha magurudumu manane kinachoelea, kama Argo inayotengenezwa New Hamburg, Ontario, au wanafunga minyororo mipana ya mpira kwenye kwadi. Wachimba mafuta walishalijua hilo zamani: Bruce Nodwell wa Calgary alijipatia jina miaka ya 1950 kwa magari ya minyororo mipana yaliyoweza kuvuka maskegi pale ambapo malori yalizama.

Na kuna historia inayotuhusu kwa karibu. Mwaka 1942 Jeshi la Marekani lilikata barabara ya Alaska kutoka Dawson Creek, British Columbia, zaidi ya kilomita 2,400, kati ya Machi na Oktoba. Katika askari zaidi ya 10,000 waliopelekwa, karibu theluthi moja walikuwa Wamarekani weusi, wa vikosi vya wahandisi vya 93, 95 na 97, wengi wao wakitoka majimbo ya kusini yenye joto. Mwanzoni tingatinga zilikwangua mimea yote ya juu, kama mhandisi yeyote angefanya nchi kavu. Jua likapiga ardhi iliyokuwa imeganda chini, ikayeyuka, na barabara ikameza malori. Ndipo wakajifunza kuiacha mimea mahali pake na kulaza magogo juu yake, gogo kwa gogo, kwa kilomita nyingi. Walikuwa na mashine kubwa kuliko yoyote utakayoinunua, na kilichowavusha ni magogo na mkeka ulioachwa bila kuguswa.

Lakini mwindaji ana uwezo ambao mwanajeshi hakuwa nao: anachagua mahali pa kufyatua risasi. Hapo ndipo safari yenu ilipoamuliwa, si pale kwadi ilipozama. Musi ana miguu mirefu na kwato zinazotanuka, anatembea katikati ya maskegi bila taabu, na ukimpiga humo nyama ni yako kuitoa. Sheria ya Alberta hairuhusu uiache nyama inayolika ioze, na hata bila sheria, ni aibu. Kwa hiyo kabla ya kulenga, jiulize mnyama akianguka pale alipo, nitafikaje na nitatokaje. Bahati nzuri mwishoni mwa Septemba madume huitikia mlio. Kaeni kwenye ukingo wenye aspeni, mwiteni, mngojeni aje nchi kavu. Akibaki ndani, mwacheni aende. Na ikiwa ameshaanguka kwenye ulaini, kwadi ibaki ukingoni. Mkateni, mtoe nyama kwenye mifupa pale ambapo kanuni za uwindaji zinaruhusu, mbebe mgongoni kwa zamu au mburute kwenye sleji ya plastiki inayoteleza juu ya sfagnamu. Ni kazi ya jasho, lakini mtalala kwenye hema.

Jasho lenyewe lina hatari. Maji ya maskegi ni baridi hata mchana wa jua, na usiku wa Septemba unaweza kushuka chini ya sifuri. Mtu aliyelowa hadi kiunoni, amevaa jinzi, anavuta kamba hadi saa tano usiku, anaanza kutetemeka, kisha anaacha kutetemeka na kuanza kujibu hovyo. Akifika hapo, kwadi iacheni. Mvueni nguo mbichi, mvalisheni sufu kavu, washeni moto kwenye ardhi ya udongo. Usiwashe juu ya mboji, kwa kuwa moto hushuka chini ukafuka wiki nyingi, mwingine hupita majira yote ya baridi chini ya theluji na kuzuka wakati wa masika. Mboji iliyokauka kwenye ekzosi ya kwadi nayo hudondoka ikiwa na kaa la moto. Mamlaka za zimamoto za Alberta huwaonya waendeshaji kila mwaka. Simameni mara kwa mara mkwangue uchafu kwenye ekzosi na chini ya injini, mwagieni maji. Na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kisikae kwenye sanduku la kwadi; kikae mwilini, kwa sababu sanduku ndilo la kwanza kuingia majini.

Alama mlizoziacha hazitafutika upesi. Mfereji wa tairi kwenye maskegi hujaa maji na unaweza kuonekana miongo mingi. Njia zilizo wazi huwasaidia mbwa mwitu kuwafikia wanyama waitwao karibu (caribou), wale paa wa kaskazini ambao idadi yao Alberta imeshuka vibaya. Ukirudi pale, rudisha sfagnamu mliyoifukua, ilaze upande wa kijani juu. Mimi huwaambia vijana wangu wafanye hivyo kabla hawajafunga kamba kwenye gari.

Jambo la mwisho ni la haraka, kama hujalifanya bado. Kwadi zote mbili zilizama hadi kwenye madigadi, kwa hiyo maji huenda yamepita kwenye matundu ya kupumulia ya difu. Fungua nati ya chini ya kila difu, ya mbele na ya nyuma. Mafuta yakitoka meupe, yana maji: yamwage yote, jaza mapya, endesha kidogo, fungua tena uangalie. Fungua kizibo cha chini cha boksi la mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye gia, safisha chujio la hewa, toa tairi ukague breki na bearingi, maana mboji hukaa humo na kushika unyevu. Maji yakibaki ndani hadi baridi ya Desemba, yataganda na kupasua kava la difu, na kwadi itakufia gereji.